Kocha Aliyekula Mara Nne

Tik, halafu tak. Kwa miaka minne hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha saa kumi alfajiri: mjukuu wangu Lavelle akifunga chuma cha goti lake, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Hukifunga polepole ili asiniamshe, nami hulala kimya ili asijue ameniamsha. Kisha husikia mguu mmoja ukikanyaga na wa pili ukiburutwa hadi mlangoni, na gari lake likiondoka kwenda kiwanda cha kuku.

Lavelle alicheza mpira wetu wa helmeti, ule wa Kimarekani, mstari wa mbele kabisa, pale vijana wanapogongana vifua kama madume. Kocha Dale Rutledge wa Chuo Kikuu cha Branscomb alimchukua akiwa na miaka kumi na minane. Siku tuliyokwenda huko tulikuwa akina mama kama arobaini ofisini kwake, na alitushika mikono mmoja mmoja. Nilipofikiwa akaniambia, "Mama, kuanzia leo huyu ni mwanangu." Nikaweka sahihi. Sikusoma vizuri kwamba ufadhili wa masomo aliopewa ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja.

Mwaka wa pili goti likavunjika mazoezini. Mwaka ulipokwisha, ufadhili haukuandikwa tena. Rutledge hakupiga simu wala hakuandika. Barua ilitoka kwa karani.

Aliyemleta nyumbani ni msaidizi mmoja, Kocha Wendell Tibbs, aliyekuwa akiwafundisha wa mstari wa mbele. Aliendesha gari kwa muda wa saa sita, mguu wa Lavelle umelazwa kiti cha nyuma juu ya mito ya kitanda chake mwenyewe. Alipoondoka aliiacha mito ile, akasema mkewe ananunua mingine. Haikupita wiki naye akafukuzwa kazi, kwa kuwa alisema ofisini kwamba si haki. Tangu hapo kila mwezi Machi, siku ya kuzaliwa Lavelle, simu hulia naye yuko kwenye laini.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini, na najua yaliyoandikwa kuhusu kisasi. Lakini nilimwomba Mungu jambo moja tu: amlete Rutledge mezani kwangu.

Akamleta. Maana mjukuu wangu mwingine, Jarvion, mtoto wa mwanangu wa kiume, alikua akampita hata Lavelle. Nimewalea wote wawili kitanda kimoja, ingawa majina yao ya ukoo ni tofauti. Alipofika darasa la mwisho, magazeti yakasema katika jimbo lote la Mississippi hakuna wa mstari wa mbele kama yeye. Makocha wakaanza kuja nyumbani, na wote wanajua kanuni ya huku kwetu: usimbembeleze kijana, mbembeleze bibi yake. Bibi akikulisha, umeshapata.

Rutledge alikuja mara ya kwanza mwezi Desemba, na msaidizi mmoja mnene mwenye simu mbili. Nitasema kweli, alifuta viatu vizuri mlangoni. Nilimpa kuku wa kukaanga, sukuma na mkate wa mahindi. Alikaa kiti kinachotazama friji, na juu ya friji pana picha ya Lavelle akiwa na jezi nyekundu ya Branscomb, namba sabini na nne. Sikuiondoa. Nilitaka aione.

Aliiona. Akainyooshea uma, akacheka. "Mama Odessa, kumbe nyumba hii tayari ni yetu. Naona jezi pale."

"Unaiona?" nikamwuliza.

"Naiona, mama. Rangi inapendeza."

Nikangoja aulize ni nani aliyeivaa. Akaomba chumvi.

Nilikuwa nimejiwekea ahadi, na namwambia msomaji kama nilivyomwambia Mungu: akiuliza habari za Lavelle, hata mara moja, nitamsamehe na nitamwacha Jarvion aende atakako. Asipouliza, nitamlisha hadi ashibe.

Alipoondoka Lavelle alikuwa jikoni anaosha masufuria. "Bibi," akasema, "unampikia nini yule mtu?"

"Namnenepesha."

"Atakwenda kusema tumekubali."

"Mimi sijasema tumekubali. Nimesema karibu."

Jarvion alikuwa mlangoni akila kipande cha mwisho cha kuku. "Bibi, wewe ni mtu wa kuogopwa," akasema. "Kaka, usije ukamkosea huyu."

Mara ya pili alikuja Januari, na nilipika nyama ya nguruwe ya kuokwa. Safari hiyo alizungumzia fedha. Alieleza jinsi shirikisho la vyuo vyao lilivyotia sahihi mkataba mpya wa runinga, na kwamba kila chuo sasa kitapata dola milioni arobaini na tatu kwa mwaka, hata kile kinachoshika mkia. Wamejenga jumba la wachezaji lenye kinyozi, mabwawa ya barafu na ukumbi wa kulala mchana.

"Na hospitali?" nikauliza.

"Ipo, mama. Madaktari watatu wa magoti peke yake."

Lavelle ndiye aliyekuwa akimmiminia chai ya baridi. Alizunguka meza na jagi, chuma cha goti kikisema tik tak, akamjazia gilasi. Rutledge akasema, "Asante, kijana," macho yake yako kwa Jarvion.

Usiku ule Lavelle hakula.

Mara ya tatu nikapika kambale, na pai ya pichi nilizokuwa nimehifadhi kwenye chupa tangu kiangazi. Alikula vipande vitatu. Akabeba sahani yake mwenyewe hadi kwenye sinki, jambo ambalo wanaume wengi hawafanyi, na kwa dakika nzima nikamhurumia. Nikasema moyoni, Odessa, msaidie. Nikamwambia, "Kocha, vijana wako wa zamani huwa unawasikia? Wale walioumia?"

Akafuta mdomo. "Tuna ofisi nzima ya mambo hayo, mama. Wanatumiwa kadi kila Krismasi."

Sisi hatujawahi kupata kadi.

Katikati ya hayo Kocha Tibbs naye alikuja, mara moja tu. Sasa ni kocha mkuu wa chuo kidogo cha kanisa, Mtakatifu Filemoni, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Basi lao halina joto. Wachezaji husafiri wamejifunga blanketi. Kila Septemba huenda kucheza na chuo kikubwa kimoja, hupigwa pointi sitini, nao hulipwa kwa kukubali kupigwa, na hundi hiyo ndiyo hulisha timu zote za chuo hadi zile za kuogelea.

Alipoingia hakumtazama Jarvion kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa Lavelle, akainama, akashika lile goti kwa mikono miwili.

"Linakunja kiasi gani sasa?"

"Nusu, kocha."

"Nusu ni zaidi ya mwaka jana. Barafu bado unaweka?"

"Nikikumbuka."

"Kumbuka, mjinga wewe."

Wakacheka. Nikampa maharage na wali, maana sikuwa nimejiandaa, akala kama amealikwa harusi. Alipoondoka akamwambia Jarvion, "Sikuombi uje kwangu. Mimi sina kinyozi. Ila kama ukija, nitajua mguu wako upi hutangulia."

Nilimwita Jarvion tukakaa kwenye ngazi za nyuma. Nikamwambia yote, kwamba nina hasira na Rutledge na kwamba hasira yangu isimchagulie chuo. Maisha ni yake.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Bibi, nilikuwa na miaka kumi na minne Lavelle aliporudi. Nani unadhani alikuwa akimsaidia kuingia bafuni? Nilichagua siku ile. Wewe endelea tu kupika."

Basi nikapika mara ya nne. Bata, viazi vitamu, mikate laini, kila kitu. Rutledge alikuwa amechoka usoni. Alimtuma msaidizi wake nje akabaki nami peke yangu, akanieleza kwa sauti ya chini. Amebakiwa na nafasi moja ya mstari wa mbele. Kulikuwa na vijana wawili, mmoja wa Alabama na mmoja wa Georgia, wote wakilia waje kwake. Jana amewaachia wote wawili wakachukuliwa na wengine. Matajiri wanaoichangia timu wamemwambia asipompata Jarvion na kushinda mechi tisa, atafute kazi nyingine.

"Nimewaacha kwa sababu yako, mama," akasema. "Nyumba inayonilisha hivi haijawahi kunitupa. Niambie tu, nina neno lako?"

Nikanyanyua bakuli. "Ongeza mchuzi, kocha."

Akacheka hadi akafunga macho. Akaongeza mchuzi.

Siku ya kutia sahihi, Jumatano ya kwanza ya Februari, ukumbi wa shule ulijaa. Mezani paliwekwa kofia tatu za vyuo vitatu, kama ada, maana kofia atakayovaa kijana ndicho chuo alichokichagua, na kamera mbili za runinga mbele. Walisema baadaye kwamba Rutledge alikuwa ofisini kwake akitazama pamoja na matajiri wale, na keki nyekundu imeshakatwa.

Jarvion alichukua kofia nyekundu. Watu wakaanza kupiga makofi. Akainua mkono wakanyamaza.

"Rangi hii ndugu yangu Lavelle Pruitt aliivaa miaka miwili," akasema. "Namba sabini na nne. Alivunjika goti akiwa ameivaa. Kocha Rutledge amekula nyumbani kwetu mara nne, picha ya ndugu yangu iko mbele ya macho yake, na Lavelle mwenyewe akimmiminia chai. Hakumwuliza jina."

Akaiweka kofia ile mezani, kifudifudi, akavaa ya Mtakatifu Filemoni. Lavelle, aliyekaa kulia kwangu, alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikitabasamu na meno nje.

Simu yangu ililia kabla hatujafika kwenye gari.

"Mama Odessa, ulinipa neno lako."

"Nilikupa bata, kocha."

Branscomb walishinda mechi nne mwaka ule. Mstari wao wa mbele ulikuwa kama uzio bila nguzo. Nilitazama kila mechi, mimi ambaye sipendi kelele, nikila njugu. Novemba wakamfukuza. Nikamwita Lavelle aje asikie habari, naye akasimama mbele ya runinga mtangazaji akiendelea: kwa kuwa amefukuzwa kabla ya mkataba kwisha, chuo kitamlipa Kocha Rutledge dola milioni kumi na mbili.

Lavelle akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta. "Bibi, umemtajirisha. Laiti ungenifukuza na mimi."

Sikulala vizuri siku nyingi. Niliona nimepika bure.

Wiki moja kabla ya Krismasi, mchana, mlango ukagongwa. Alikuwa Rutledge peke yake, bila msaidizi, bila koti jekundu. Nilimwacha aingie. Akafuta viatu kama zamani, akakaa kiti kilekile. Sikuwasha jiko. Meza ilikuwa tupu, na sijawahi kumwacha mtu akae hivyo nyumbani mwangu.

"Sikuja kugombana, mama," akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Kwa nini ulinilisha?"

"Nilikuwa nakungoja uulize."

"Niulize nini?"

Akainua macho juu ya friji, na safari hii aliitazama picha muda mrefu.

"Baada ya siku ile nilitafuta picha zote za timu," akasema. "Nilimpata safu ya tatu. Mama, vijana mia na ishirini kila mwaka. Sikumtambua. Nilipokea chai mkononi mwake na sikumtambua." Mikono yake ilikuwa juu ya meza tupu, haijui pa kwenda. Nilingoja nione kama itanifurahisha. Ilinifurahisha kidogo, kisha ikaacha.

"Yuko wapi?" akauliza.

Miaka minne niliyangojea maneno yale mawili.

"Kiwanda cha kuku. Hurudi saa tisa."

Akatazama saa yake. Ilikuwa saa sita na nusu. Nikaona anavyopiga hesabu ya barabara, nikaona pia hofu, maana kwangu alikuwa ameshasema yote na ilikuwa rahisi kuliko kwa mwenye goti. Akasimama. Akasema anatarajiwa mahali jioni, kwamba nimfikishie Lavelle salamu na pole zake.

"Sibebi," nikamwambia. "Hizo ni za kupelekwa na mwenyewe."

Akashika kofia yake mlangoni, akiizungusha.

"Jumapili hafanyi kazi," nikasema. "Tukitoka kanisani tunakuwa hapa siku nzima. Uje tena, kocha. Uje akiwepo."