Uzi kwenye Tawi la Chini

Sifichi: nilikuwa namwonea wivu Rumyana, wivu wa kunikosesha hamu ya kula. Miaka ishirini na miwili nimenyoosha mabega ya watu katika hospitali yetu ya maji moto, hapa chini ya milima ya Rodopi. Halafu anakuja yeye, juzi tu katoka chuoni Sofia, na wagonjwa wanamwulizia kwenye korido. Wagonjwa wangu!

Msimu ule mkuu wetu, Daktari Kalchev, alileta glavu zenye waya. Ukimshika mgonjwa, kioo kinaonyesha unasukuma kwa kilo ngapi. Kipimo cha pembe kinaonyesha mkono umepanda digrii ngapi.

"Atakayeongeza digrii nyingi kwa nguvu kidogo," akasema, "ndiye atakayeshika chumba cha mabega."

Chumba changu! Kitanda nilikichagua mwenyewe, dirisha linatazama mplamu wa uani, ambao kila unapochanua tunaufungia nyuzi za Machi, zile tulizovaa mkononi kuombea afya.

Baada ya wiki tatu matokeo yakabandikwa. Rumyana: digrii thelathini na moja, kilo nne. Mimi: digrii kumi na tisa, kilo tisa. Nikasema huyu anaiba tu. Bega nalijua, ni muongo mkubwa. Usipolibana kombe la mkono, ule mfupa bapa wa mgongoni, mgonjwa anapinda kiuno, mkono unapanda, na bega lenyewe halijafanya kazi yoyote. Nimewakamata wengi. "Nataka bega, sitaki kiuno," huwaambia, nao hucheka.

Nikamkabili mbele ya daktari. "Lete mgonjwa wako. Wewe inua upime, mimi nabana."

"Haya, dada Zdravka." Hata kununa hakununa, na hilo likanichoma zaidi.

Akaletwa mzee Stamen, mfuga nyuki. Siku aliyoingia alikuwa na digrii sabini na nne. Nikalibana kombe lake kwa nguvu zangu zote.

"Binti, unanibana au unanikomoa?" akauliza mzee.

Mkono ukapanda. Mia na tano. Kiuno hakikucheza hata kidogo.

"Sasa mnyooshe wewe," daktari akaniambia.

Nikavaa glavu. Kilo tano, saba, tisa na nusu. Mzee akaguna. Daktari alikuwa anatazama kioo, lakini Rumyana alikuwa ananitazama mimi, kiunoni. Nikaacha.

Daktari alipotoka na mzee, Rumyana akafunga mlango.

"Umeshinda. Piga vigelegele basi," nikamwambia.

"Dada, bega lako la kulia limeganda tangu lini?"

"Koma! Nani kakwambia?"

"Unasukuma kwa kiuno. Mkono haufiki, kwa hiyo unamlalia mgonjwa kwa uzito wa mwili, ndiyo maana kilo zinapanda. Na juzi mplamu ulipochanua, sote tulifunga nyuzi zetu za Machi juu. Wako, ule mwekundu na mweupe uliosuka mwenyewe, uko tawi la chini kabisa, wanakofunga watoto."

Tangu Novemba. Tangu Novemba navaa koti kwa kuanza na mkono mbovu, nachana nywele kwa kushoto, na sijamwambia mtu. Nani atampa chumba cha mabega mwenye bega bovu?

"Utamwambia Kalchev?"

"Nimejua tangu wiki ya kwanza, dada. Ningetaka kusema ningeshasema. Lala."

Nikalala kwenye kitanda changu mwenyewe. Akavaa glavu, akalibana kombe langu, akaanza kuupandisha mkono taratibu. Nilikaza meno kusubiri maumivu, na kabla hayajafika nikajikuta nimeinua kiuno.

"Dada," akasema, "nataka bega, sitaki kiuno."

Loo! Hata maneno yangu kaniibia. Nikacheka, kisha nikalia, uso nimeugeuzia ukutani. Kioo kilisoma kilo tatu. Mkono wake ni mzuri, mshenzi yule. Ni mzuri kuliko wangu ulivyokuwa hata ulipokuwa mzima, na mtu wa kulijua hilo kwa hakika ni mimi niliyelala chini yake.

Jumatatu nilimweleza daktari ukweli, nikampa Rumyana ufunguo wa chumba. Kila siku saa nne naenda kulala pale, yeye ananinyoosha. Jana tumefika digrii themanini na nane.

Wivu haujaisha, msidanganyike. Mwakani mplamu ukichanua, uzi wangu nitaufunga juu ya wake.