Sindano ya Bosi

Paka yule aliitwa Bosi kwa sababu hakuwahi kufanya kazi yoyote. Panya walimpita mchana kweupe, naye anajilamba. Lakini fundi cherehani alimpenda hivyohivyo, na tangu afiwe na mumewe, hakuwa na mwingine nyumbani. Ndiyo maana Bosi alipoanza kuyumba na kuanguka, fundi alichanganyikiwa.

Bosi alikuwa na kisukari. Asubuhi na jioni, akishakula, alichomwa insulini chini ya ngozi ya shingo. Fundi akamtoboa sikio, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akaona sukari imeshuka vibaya. Akampaka asali kwenye ufizi, akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari akamwambia apunguze dozi. Akapunguza, lakini mnyama akazidi kutetemeka. Akaambiwa basi aache kabisa. Akaacha, na bado Bosi akaanguka tena, pale pale kwenye bakuli la maji. Safari hii daktari akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine anayemchoma.

Fundi akajibu kwa ukali kwamba anaishi peke yake, akakata simu. Halafu akafungua friji, akakiinua kichupa cha dawa kwenye mwanga. Jamani, dawa ilikuwa imepungua kuliko alivyoiacha.

Dada yake alipoelezwa alicheka, akasema uzee umeshabisha hodi: mtu anachoma mwenyewe halafu anasahau. Fundi akanuna, lakini neno likamkaa moyoni. Jioni ile akamwekea Bosi chakula, akakaa nyuma ya cherehani huku mikono ameikalia, maana hata mikono yake hakuiamini tena.

Bosi akala, akajinyoosha, akaenda mpaka kwenye kiti cha marehemu, pale dirishani ambapo jua lilikuwa bado linawaka. Akainamisha kichwa. Ngozi ya shingo yake ikainuka yenyewe, ikabaki juu, imebanwa kama kwa vidole viwili.

Fundi akachomoa mikono, akaishikilia cherehani kwa hofu. Hapo ndipo alipoelewa. Yeye na mumewe walikuwa wasahaulifu wote wawili, na zamani nusura wamuue Bosi kwa kumchoma kila mmoja kwa wakati wake. Tangu hapo wakapeana sharti: anayechoma apaze sauti aseme kachomwa, mwenzake asije akarudia. Majirani waliwacheka sana. Lakini tangu mazishi fundi alikuwa akichoma kimyakimya, kwani angemwambia nani? Basi marehemu, masikini, hajasikia neno, akajua kazi haijafanyika.

Na akishaambiwa, atakuja tena kufanya nini humu ndani? Wazo hilo lilimuuma fundi kuliko hofu yenyewe. Aliitazama ile ngozi iliyobanwa, akatamani kunyamaza. Bosi akalia kidogo.

"Kachomwa," akasema. "Kachomwa, mume wangu."

Ngozi ikashuka taratibu. Kiti kikalia, kama mtu mzito ameinuka, kisha chumba kikawa kimya, kimya cha nyumba isiyo na mtu. Fundi akalia mpaka akapata kwikwi.

Bosi hakuanguka tena. Sukari yake ilipoanza kupanda, daktari akaruhusu dozi ndogo, na fundi akawa anachoma na kuziambia kuta. Kuta hazikujibu. Alipika, alishona, alilala, na nyumba ikamwelemea. Jioni moja, baada ya kumchoma Bosi, akashindwa kuvumilia. Akasimama mbele ya kile kiti.

"Kesho asubuhi choma wewe," akasema. "Ila dozi si ile ya zamani. Ni uniti moja tu. Umenisikia? Moja. Ukizidisha utaniulia."

Asubuhi jua lilimkuta bado kitandani, macho wazi. Bosi alikuwa jikoni, anakula. Kisha mlango wa friji ukafunguka. Fundi akavuta shuka mpaka kidevuni, kwa hofu na kwa furaha, akatega sikio.