Sakafu ya Mtu

Kuna wanaokuita mwanangu kwa sababu wanakupenda, na kuna wanaokuita hivyo kwa sababu mwana hadai. Mwenye nyumba wa Fundi alikuwa wa aina ya pili. Lakini Fundi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni na watoto pacha darasani, aliitika "naam, Mzee" kwa moyo mkunjufu kila alipoitwa. Msiulize nani alimroga. Alijiroga mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kupiga vigae. Na si kupiga tu, maana wapigaji wamejaa tele. Wenzake hupaka gundi chini, wakabandika, wakala hela, wakaenda zao. Mwaka haujaisha unagonga kigae kinalia kama debe tupu. Yeye alisugua sakafu mpaka ikawa safi, akapaka gundi chini, akapaka na mgongoni mwa kigae, kisha akakigonga kwa nyundo ya mpira huku ameinamisha sikio. Akisikia hewa imebaki ndani, anakinyanyua kabla hakijashika, anaanza upya. Wenye haraka walimkimbia, na wenye akili walimsubiri hata kama ni mwezi mzima.

Sasa mtu wa namna hiyo mpangishe nyumba yenye sakafu ya saruji iliyochimbika, na bafu ambalo mteremko wake unaelekea chumbani badala ya kuelekea kwenye tundu la maji, halafu umwambie alale usingizi. Mkewe, Mama Pacha, alilala vizuri tu. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele karibu na dirisha. Wateja waliingia, wakapimwa, wakasengenya kidogo, wakaondoka. Mashimo aliyafunika kwa mkeka, na maji ya bafuni aliyazuia kwa gunia.

"Cha mtu ni cha mtu," alimwambia mumewe. "Akiba ya kiwanja haijatimia. Ikitimia tutajenga, na huko utapiga vigae hadi juu ya paa ukitaka. Mimi sitakuuliza."

Maneno ya mtu mwenye akili timamu. Ila siku moja mteja alijikwaa kwenye shimo lililokuwa chini ya mkeka, nusura ang'oke kucha, akasema, "Jamani, hapa si ndipo anapokaa yule fundi wa vigae? Kweli kinyozi hajinyoi." Mama Pacha alicheka, na mteja akacheka. Fundi alikuwa nyuma ya pazia anakunywa chai, na hakucheka. Neno lile lilimkaa kooni wiki nzima.

Mzee alipopita kuangalia nyumba yake, kijiti cha meno mdomoni, Fundi alimweleza hapo hapo mlangoni: Mzee, nyumba yako inaharibika, bafu linaoza ukuta, niruhusu nitengeneze.

"Wewe tengeneza, mwanangu," Mzee alisema. "Kwani nani anakufukuza? Hii nyumba ihesabu kama yako. Utakaa mpaka uchoke mwenyewe." Akampiga bega mara mbili, akaenda zake.

"Amekuandikia?" Mama Pacha aliuliza.

"Mzee kama yule nimwambie aniandikie? Ataona simwamini."

"Basi usimwamini kwa hela ya kiwanja."

Walibishana siku kadhaa, wakinuniana mbele ya watoto. Na hapo ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo sheria haina habari nalo. Alimwambia mkewe kwamba Mzee ametamka miaka kumi. Mzee hakutamka miaka yoyote. Lakini "mpaka uchoke" si kama miaka kumi, au hata zaidi? Alijiambia ametia chumvi kidogo tu ili chakula kilike. Mama Pacha alipiga hesabu: miaka kumi, pacha watakuwa wamemaliza shule, wateja wamezoea, kiwanja kinaweza kusubiri. Akatoa akiba alipokuwa ameificha, akamkabidhi.

Lazima tuseme haki: ilikuwa kazi. Fundi alichimba saruji yote ya zamani. Aligeuza mteremko wa bafu hadi maji yakajua njia. Alivuta uzi, akaweka pima maji, akalaza vigae rangi ya maziwa kuanzia kizingiti cha mbele hadi jikoni, na mistari yake ilinyooka hivi kwamba ukisimama mlangoni macho yanateleza yenyewe mpaka ukuta wa mwisho. Siku ya kwanza Mama Pacha alivua ndala, akatembea peku kutoka chumba hadi chumba. Kisha akasimama jikoni. "Ee, mwanaume huyu ana mikono," alisema, na Fundi hakuhitaji malipo mengine duniani.

Wateja wakaongezeka. Mabibi harusi walipenda kusimama pale wakijaribu magauni, maana pindo halikushika vumbi. Mzee alipokuja akavua viatu kabla ya kuambiwa. Akazunguka, akapapasa ukuta wa bafu, akasema mwanangu una kipaji. Mara nyingine akaja na mgeni mwenye simu kubwa aliyepiga picha kila pembe, hata chooni. "Ni rafiki tu," Mzee alisema, "anapenda vitu vizuri."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alimwambia, tena kwa maandishi, na nakala akabaki nayo. Mkataba ukifika mwisho hautahuishwa. Notisi ilikuwa ya muda ule ule uliotajwa kwenye mkataba, ililetwa mkononi, na Fundi aliombwa atie sahihi kwamba ameipokea. Akatia, kwa adabu, mahali alipooneshwa.

Alimfuata Mzee kwake. "Mzee, na vigae?"

"Vigae gani, mwanangu? Nilikuomba?"

"Si nilikuuliza, ukasema nitengeneze?"

"Uliuliza utengeneze, nikasema tengeneza. Nilisema nitalipa?"

Hakusema. Kila neno la Mzee lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma Fundi njia nzima ya kurudi. Mwongo unaweza kumtukana. Huyu utamtukana kwa lipi?

Fundi na mkewe walikwenda kwenye baraza linaloamua kesi za nyumba. Karani aliyewapokea alikuwa dada mpole mwenye miwani, ambaye alisoma mkataba wao polepole, kidole kikitembea chini ya mistari. Aliwaeleza kama anavyoeleza mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi. Tangi la maji walilolinunua ni lao. Feni waliyoifunga kwa skrubu ni yao, wafungue na wazibe matundu. Kitu kinachotoka bila kuiumiza nyumba kinaondoka na mpangaji. Kilichogandana na nyumba ni cha nyumba.

"Na vigae?" Fundi aliuliza.

"Ukiweza kuvitoa vizima, na sakafu ukaiacha salama, chukua. Usipoweza, viache. Ukivunja, atakudai."

"Fidia je? Bafu lile lilikuwa linaoza."

Karani akageuza mkataba uwaelekee, kidole kikasimama. Mpangaji hataongeza wala kubadilisha chochote bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. "Mnayo idhini? Hata mstari mmoja wenye sahihi yake? Hata ujumbe wa simu?"

"Alisema kwa mdomo."

"Mali bila daftari," karani alianza, akaona aibu kumalizia.

"Hupotea bila habari," Mama Pacha alimalizia. "Lakini dada yangu, mtu akitamka miaka kumi, si ahadi hiyo? Alitamka. Miaka kumi."

Karani akachukua kalamu. "Alitamka mbele ya nani?"

Mama Pacha akamgeukia mumewe. Fundi alitazama meza. Alikuwa na nafasi ya kuendelea na uongo wake, lakini karani alikuwa tayari kuandika, na yeye aliogopa kuitwa kuapa. "Hakutaja miaka," alisema. "Alisema mpaka nichoke. Miaka kumi niliiweka mimi."

Hakuna aliyefoka. Mama Pacha alikunja mkataba, akautia kwenye mkoba, akamshukuru karani kwa muda wake. Walirudi nyumbani kwa miguu, mke mbele na mume nyuma, na hakuna aliyempita mwenzake.

Siku zile za mwisho Mama Pacha alizungumza na mumewe mambo ya lazima tu: chumvi imekwisha, mtoto ana homa. Hadi asubuhi moja, pacha wakiwa shuleni, alipokunja kitambaa alichokuwa akikishona na kusema, "Vitoe. Angalau tuondoke na kitu. Nitavifunga kwenye mashuka, vitakaa nyumbani kwa dada yangu mpaka tupate kiwanja."

Fundi aliinuka kama mtu aliyepewa dawa. Hii ilikuwa njia, labda ya mwisho, ya kumrudishia mkewe hata nusu ya akiba yake. Akaanza nyuma ya mlango, pasipoonekana. Akakwangua saruji nyeupe ya kwenye viungo, akaingiza tindo kwa upole, akagonga. Kigae kikapasuka katikati. Akaenda cha pili, akaingilia pembeni, akabembeleza kama anayetoa mwiba mguuni kwa mtoto. Kikapasuka vipande. Cha tatu alikigonga kwanza kwa kifundo cha kidole akitafuta hewa, sehemu yoyote ambayo gundi haikushika, apate pa kuanzia. Hapakuwa na hewa. Alijua hapatakuwa nayo. Nacho kikavunjika.

Mama Pacha alikuwa amesimama na shuka mkononi. "Nilimwona fundi mwenzako mmoja akitoa vigae vyake, kule kwa mwalimu wa pacha," alisema. "Alivitoa vyote kwa mkono, kizima kizima."

"Vya wenzangu vinatoka," Fundi alikubali.

"Na vyako?"

"Vyangu havitoki."

Mama Pacha alikaa chini, pale pale sakafuni, akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kweli mwanzoni. Alisema kumbe ningeolewa na fundi mbovu leo ningekuwa na vigae vyangu, akacheka tena, na katikati ya kucheka sauti ikabadilika. Fundi alijua kukata kigae kwa pembe yoyote, lakini hakujua mtu analiaje na kucheka kwa pamoja, na akabaki amepiga magoti na tindo lake.

Ghafla Mama Pacha akanyakua nyundo. "Basi tuvunje vyote. Amlete huyo mgeni wake na picha zake kwenye kifusi."

Akainua mkono. Fundi akaudaka hewani. Na usidhani alimzuia kwa ajili ya onyo la karani. Wakati ule hakumkumbuka karani wala mkataba. Alitazama mistari ile ikikimbia hadi jikoni, akashindwa. Mama Pacha aliyaona macho yake yalikokuwa.

"Unaionea huruma sakafu," alisema taratibu. Akamwachia nyundo. "Mimi je?"

Fundi aliiweka nyundo chini polepole, kigae kisiumie. Jioni alikwenda dukani, akanunua vigae vya kufanana, akaziba yale mapengo matatu nyuma ya mlango. Akapaka gundi chini, akapaka na mgongoni. Mkewe alikuwa anafunga vyombo kwenye maboksi na alisikia nyundo ya mpira ikigonga, ikinyamaza, ikigonga tena, jinsi anavyogonga mtu anayesikiliza.

Siku ya kukabidhi funguo Mzee alikuja na mkataba wake kwenye bahasha. Nje gari la mizigo lilikuwa linangoja. Ilibaki cherehani tu, ile nzito ya miguu, inayobebwa na watu wawili. Mzee alizunguka vyumba vyote, akafungua bomba, akawasha taa, akazima. Nyuma ya mlango alipita bila kuona kitu. Hakuna ambaye angeona.

Kisha akafungua mkataba, akatafuta kifungu, akakisoma kwa sauti: hataongeza wala kubadilisha. Akakunja karatasi.

"Unaona, mwanangu? Kwa haki yangu ningekwambia ubomoe vyote hivi, unirudishie saruji yangu kama nilivyokukabidhi. Sheria iko upande wangu, hata kule barazani wangekwambia hivyo. Lakini mimi si mtu wa kukomoana." Akamwekea mkono begani. "Vigae nimekusamehe."

"Asante, Mzee," Fundi alisema.

Neno lilitoka lenyewe, kama ile naam ya miaka yote, na lilikuwa limekwisha kutoka kabla hajalisikia. Mzee aliitikia kwa kichwa, akapokea funguo, akaenda kuangalia tangi limefunguliwaje.

Mama Pacha alikuwa ameshika upande mmoja wa cherehani, anamsubiri mumewe ashike upande wa pili. Alimtazama.

"Umemshukuru," alisema.

Fundi akasogea, akainama kushika upande wake. Mama Pacha akamsukuma mkono. Akaikumbatia cherehani nzima peke yake, mgongo ukampinda, akatoka nayo.