Picha Arobaini na Moja za Plagi

Nilisema tangu siku ya kwanza kuwa kadi ile ni nzuri, na mpaka leo sijabadili maneno. Mimi ni fundi miwani. Kutwa nasaga lenzi, na kitu kilichotengenezwa vizuri nakijua kwa kukishika tu. Nilipoitoa ile kadi ya grafiki, inayochora picha za kompyuta, kwenye boksi lake, nzito kama tofali, feni tatu, chuma kimelainishwa hadi kwenye pembe ambazo hakuna atakayeziona, nikajua hapa watu wamefanya kazi.

Mwenzetu mmoja katika kundi letu la wapenda kompyuta hakukubali. Ni mwalimu wa hesabu, nasi tunamwita Itaungua, kwa sababu hakuna chombo kilichowahi kutoka kiwandani asikitabirie moto. Kundi hukutana kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha duka langu, na siku nyingine tunabishana kwa simu. Itaungua akaja na hesabu zake: bei imepanda maradufu, kasi imeongezeka robo tu, na umeme wote wa kadi unapita kwenye plagi moja isiyozidi kidole gumba. Akatuonyesha picha za plagi zilizoyeyuka, za watu asiowajua hata yeye. Nikamwambia hizo ni hesabu za mcheza gemu. Mke wangu huchora majengo, kisha huyageuza kuwa filamu, mteja akajiona anatembea ndani ya nyumba ambayo hata msingi wake haujachimbwa. Kazi ambayo kompyuta ya zamani iliihangaikia siku mbili, kadi hii iliimaliza chai ikiwa bado ya moto. Thamani ni hiyo, nikasema, mengine ni porojo.

"Basi tuonyeshe plagi," akasema Itaungua. "Kila siku picha moja. Mwezi ukiisha na bado nzima, nanyamaza."

Nikakubali mbele ya wote, kifua mbele. Siku hiyo hiyo wakanibandika jina la Wakili.

Kila asubuhi, kabla mke wangu hajaanza kazi, nilizima kompyuta, nikafungua ubavu wake kwa bisibisi, nikachomoa plagi, nikaipiga picha kwa taa ile ile ninayokagulia lenzi, nikairudisha. Plagi ilikuwa safi. Mwezi ulipoisha Itaungua alinyamaza kama alivyoahidi. Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nikaendelea kutuma picha, maana ushindi ni mtamu na sikutaka mtu ausahau.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi. Enzi zake alikuwa opareta wa simu, miaka thelathini akichomeka na kuchomoa waya kwenye ubao wenye matundu mia. Asubuhi moja, kikombe mkononi, aliniuliza hiyo mashine inaumwa nini. Nikamjibu kwa adabu kuwa haiumwi, nawathibitishia watu kuwa ni nzima. Akasema mzima hapimwi kila siku. Nikacheka, nikaenda zangu dukani.

Siku ya picha ya arobaini na moja ilikuwa Jumatano. Mke wangu alikuwa anamalizia filamu ya zahanati mpya. Kesho yake asubuhi kamati ingemchagua yeye au ofisi moja kubwa yenye wachoraji kumi. Alikuwa ameacha ajira ili ajitegemee, na hii ndiyo kazi ya kwanza ya kumtoa. Saa nane mchana akanipigia simu nirudi. Nilikuta skrini nyeusi, feni zinavuma, na harufu ya plastiki.

Hakunifokea. Alinitazama tu, akasema, "Si ulinihakikishia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini wakili ni wakili: nikalaumu umeme, nikalaumu programu, nikalaumu pawa saplai inayoilisha kompyuta umeme. Mama mkwe aliniacha nimalize, kisha akaomba aione plagi. Aliishika dirishani. Upande mmoja ulikuwa umegeuka kahawia. Akaichomeka, akaitikisa kwa vidole viwili, nayo ikacheza.

"Kule kwetu," akasema, "tundu la kwanza kufa lilikuwa lile tulilolichezea sana. Umeme haukuliua, mwanangu. Tuliliua sisi, kwa mikono yetu. Hii umeichomoa mara ngapi?"

Sikuhitaji kukisia, picha zilikuwa kwenye simu. Mke wangu akaleta boksi, akakunjua kikaratasi kilichokuwa chini kabisa, akakisoma kwa sauti: kichwa cha waya huu kimeundwa kuchomekwa mara thelathini. Mimi niliyesoma kila ubishi ulioandikwa juu ya kadi hii, kikaratasi hicho sikuwahi kukifungua. Niliona aibu, aibu kweli.

Tundu la kadi lilikuwa safi; kilichoharibika ni waya. Waya mpya dukani ungefika wiki ijayo. Mtu mmoja tu niliyemjua alikuwa na pawa saplai kama yetu na waya wa akiba, kwa kuwa yeye huwa na akiba ya kila kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaandika mbele ya kundi zima: plagi imeungua, kadi haina kosa, kosa ni langu, nimeichomoa mara arobaini na moja ili nishinde ubishi. Itaungua, naomba waya.

Nilisubiri vicheko. Baada ya nusu saa Itaungua alikuwa mlangoni, chaki bado kwenye mikono ya shati. Alimwamkia mama mkwe, akanipa waya, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Picha niliziomba mimi, Wakili."

Mama mkwe aliichomeka mwenyewe plagi ya waya huo mpaka ikalia tak. Akafunga ubavu wa kompyuta, akakaza skrubu, na bisibisi akaitia kwenye mkoba wake. Filamu ikaisha kabla ya chakula cha jioni. Kesho yake kamati ilitembea ndani ya zahanati isiyokuwepo, mwenyekiti akamuuliza mke wangu anaweza kuanza lini.

Mama mkwe ameshaondoka, na bisibisi yangu ameondoka nayo. Juzi mwanachama mgeni kwenye kundi, aliyesikia habari zangu nusu nusu, aliuliza picha ya leo ya ile plagi iko wapi. Nikamjibu kuwa sina picha, kompyuta mke wangu anaitumia.