Kidonge Juu ya Ulimi

Mwaka ule wa hamsini na tano mafuriko ya masika yalitukuta katikati ya mwezi wa Ramadhani. Mto ulikipanda kijiji kimoja upande wa kusini wa Mkwaja. Jina lake silitaji, wenyewe wapo. Maji yalipoondoka yaliacha matope vyumbani, mbuzi waliokufa ndani ya visima, na tumbo la kuhara lisilochagua mkubwa wala mdogo.

Misheni yetu ikapeleka msafara wa dawa. Sista, mzungu, ndiye aliyekuwa na dawa. Katekista Ernesti ndiye aliyekuwa na maneno. Mimi Kristofa nilikuwa na kuni: nachemsha maji, nabeba, natumwa. Nilisoma mpaka kitabu cha pili, nikatoka nikaenda kukata mkonge, na mtu wa kitabu cha pili hapewi dawa kushika.

Sikwenda kwa mapenzi. Mke wangu Bibiana alifia kwenye baraza ya hospitali ya misheni hiyohiyo. Nilimfikisha asubuhi ya Jumapili, anatokwa damu, na misa inaimbwa. Chumba cha dawa kimefungwa, mwenye ufunguo yumo kanisani. Nikamwambia mlinzi, kamwite. Akaniambia, "Ngoja baraka ya mwisho." Baraka ya mwisho ilipotolewa, Bibiana alikuwa hana haja nayo. Padre akasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema ni ufunguo. Lakini nyumbani hakuna chakula, na misheni ndiyo inayolipa, basi nikapanda lori pamoja nao.

Tulifunga turubai chini ya mikorosho, Ernesti akatundika msalaba kwenye mti wa kati. Amri yake ilikuwa hii: hakuna dawa kabla ya sala. Na sala yenyewe si fupi, ni litania nzima, mtakatifu mmoja mmoja, nasi twaitika "utuombee". Waislamu wa watu wamekaa juani wanatutazama.

Sista naye alikuwa na amri yake. Siku ya kwanza aliwapa watu vidonge mikononi, wakaenda wakavifunga katika vitambaa, wakawavika watoto shingoni kama hirizi. Kwa hiyo akasema, kuanzia sasa kila mtu atafumbua kinywa, yeye mwenyewe atamwekea kidonge juu ya ulimi, ameze hapo hapo anaona.

Watu wakaja, wakafumbua vinywa, wakaenda zao. Ernesti akafurahi. "Unaona, Kristofa? Mioyo inalainika."

Mimi nilipokwenda kuokota kuni nyuma ya mikorosho niliiona hiyo mioyo iliyolainika. Vidonge vimetemwa mchangani, vyeupe, kama mahindi yaliyomwagika. Nikarudi nikamwambia.

"Wanatema, Katekista."

"Wewe umewaona?"

"Nimeviona vidonge."

"Chemsha maji, Kristofa," akasema. "Kila mtu na kazi yake."

Jioni ile nilipeleka maji yaliyochemshwa nyumbani kwa mama mmoja, Mwatumu, ambaye mkwewe Asmahani alikuwa hoi kitandani. Sadalla, mwana wa Mwatumu na mume wa mgonjwa, alikuwa mlangoni anakwangua matope kwa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji yako twayapokea. Wewe mwenyewe ishia hapo kizingitini."

"Mbona dawa hamtaki?"

Sadalla akacheka, kicheko cha hasira. "Wewe mkatoliki, waniuliza mimi? Nimefanya kazi mashamba ya mkonge, nimewaona kwa macho yangu. Mwaja kanisani hamjala wala hamjanywa. Mwapiga magoti, mwaimba. Kisha padre awatia kitu cheupe juu ya ulimi, na mkishameza mwakuwa wake. Sasa hapa sisi tuna saumu, nanyi mwaimba, na yule mama atutia kitu cheupe juu ya ulimi. Mwatuona watoto?"

Nikasimama na debe langu. Ukikaa pale juani ukatazama, ndivyo kitu chenyewe kilivyokuwa.

"Lakini ni dawa," nikasema. "Na dini yenu yamruhusu mgonjwa kufungua."

"Dini yetu twaijua, hatungoji kufundishwa na mchemsha maji," akasema Mwatumu. "Mgonjwa ana ruhusa. Lakini huyu akimeza komunyo yenu kisha akafa, nani atamwosha? Nani atamsalia? Watasema amekufa mkristo. Atazikwa pembeni kama mbwa. Bora afe wetu."

Ndani Asmahani akakohoa kidogo, akasema, "Mama, maji." Nilimsikia akiyanywa, kisha nikamsikia akiyatapika.

Asubuhi yake wakamleta. Sadalla na jamaa zake walikibeba kitanda, Mwatumu anafuata na kanga amejifunga kichwani. Asmahani alikuwa haitiki tena akiitwa. Midomo imekauka, macho yamezama. Turubaini litania ilikuwa imeshika moto.

Sadalla alisimama nje ya kivuli, hakukanyaga ndani. "Mpeni mama yangu dawa mkononi," akapaza sauti. "Tutamnywesha wenyewe."

Ernesti hakugeuka. Aliinua mkono mmoja: ngojeni. Akaendelea. Mtakatifu huyu, utuombee. Mtakatifu yule, utuombee. Sista amepiga magoti, amefumba macho, funguo za sanduku la dawa zaning'inia kiunoni mwake.

Nikautazama mguu wa Asmahani uliotokeza nje ya shuka. Vidole vilikuwa vimepauka, na mguu ulilala kwa upande, kama mguu usio na mwenyewe. Mguu ule niliujua. Niliushika asubuhi nzima pale barazani.

Nikachukua gogo la kuni nikalipiga debe tupu kwa nguvu zangu zote. Likalia mpaka kunguru wakaruka.

"Kata!" nikasema. "Kata sala! Watakatifu wamekwisha kufa, hawana haraka. Huyu ndiye ana haraka!"

Ernesti akageuka, uso umemvimba. "Kristofa, umelewa?"

"Ningekuwa nimelewa ningeimba nawe."

"Toka hapa! Kuanzia leo huna kazi misheni!"

"Nifukuze ukishampa dawa."

Sista alikuwa amefumbua macho, anatazama kitanda. Akainuka mbio, akafungua sanduku, akaja na kidonge na kikombe. Akainama ili amwekee Asmahani juu ya ulimi. Sadalla akamshika mkono. Mzungu kushikwa mkono na mtu wa kijijini, wakati ule, lilikuwa jambo la kumpeleka mtu kizuizini.

"Mwache, Sadalla," nikasema. Kisha nikamgeukia Mwatumu. "Mama, mimi hiyo komunyo nimekula tangu utoto. Ni unga na maji tu, haina ladha. Hiki ni kichungu. Kama si kichungu, mimi ni mwongo, nizikeni mimi huko pembeni."

Mwatumu akanitazama. Akanyoosha kiganja kwa Sista. Sista akamtazama Ernesti, akamtazama mgonjwa, kisha akakiweka kidonge kiganjani mwa mama yule.

Mwatumu akakigusa kwa ncha ya ulimi, kidogo tu, kama wake wa pwani waonjavyo chumvi ya mchuzi mchana wa Ramadhani, saumu isiharibike. Uso ukamkunjamana wote. Akatema pembeni, akatema tena.

"Shubiri!" akasema. "Ya Rabi, hawa hata Mungu wao hawezi kuwalisha uchungu huu! Sadalla, ni dawa. Mwinue kichwa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine. Mwatumu alikiponda kidonge katika kijiko, akakitia maji, akamnywesha mkwewe kwa mkono wake, akimsomea taratibu sikioni. Asmahani akameza. Tukangoja atapike. Hakutapika.

Hapo watu wakaanza kusogea, viganja mbele. Sista akaitoa meza nje ya turubai, akaiweka juani, akawapa vidonge mikononi, na kila mmoja alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akamtukana mtengenezaji. Wagonjwa wakameza papo hapo. Waliokuwa na nguvu za kufunga wakaondoka navyo mpaka magharibi. Vya shingoni sikuviona tena, wala vya mchangani.

Ernesti hakusahau kwamba amenifukuza. Msafara ulipofunga mizigo niliambiwa nirudi kwa miguu, lori si la watu waliofukuzwa. Sista alikuwepo akisikia. Alikuwa na mdomo wa kusema neno, hakulisema. Watu wasije wakaniambia alikuwa mwema.

Nilipita kwa Mwatumu kuaga. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, wanafuturu. Asmahani ameegemea ukuta, bakuli la uji mapajani, sauti nyembamba kama uzi.

"Sadalla, uji huu umepika wewe? Hauna hata sukari. Wataka kuniua sasa?"

"Umesikia?" akasema Sadalla. "Amepona huyu."

Mwatumu akanifungia mhogo na papa mkavu katika jani la mgomba. Safari hii aliniacha nivuke kizingiti. "Mkeo ana bahati, mwanangu," akasema.

Nikamwambia ahsante, mama. Nikapokea kile chakula nikashika njia.

Misheni sikuingia tena. Niliambiwa Ernesti alisimama kanisani akahubiri jinsi litania ilivyoponya kijiji kizima, watu wakatoa sadaka nyingi. Na chumba cha dawa, Jumapili, ufunguo bado anakaa nao mtu yuleyule, kanisani, benchi la mbele.