Silikoni ya Madirisha

Ndoo ya kwanza ya maji niliimwaga kwa hasira, ya pili kwa kuhakikisha. Mume wangu Herman alikuwa amelala chali ndani ya boti, chini kabisa ya kile chuma cha sitahani alichokifunga jana. Nilimwamuru mimi alale hapo, maana alikuwa ameapa kwamba halipiti hata tone.

"Unaona nini?" nikauliza kutoka juu.

Nikamsikia akikohoa na kutema maji.

Boti ni yangu. Niliinunua kwa dagaa nilioanika Kibirizi mpaka viganja vikachubuka, nikajifunza kutweka tanga huku watu wakinicheka kwamba mwanamke wa Ujiji anashindana na injini. Wiki ijayo napeleka abiria wangu wa kwanza. Chuma kile ndicho kinachoshika waya unaosimamisha mlingoti. Maji yakipenya kwenye tundu la boliti yanaingia kwenye plaiwudi, na plaiwudi huoza kwa ndani huku juu rangi inang'aa. Siku upepo ukivuma kutoka Kongo, boliti itang'oka na mlingoti utawaangukia watu. Herman analijua hilo. Nilimtuma alete poliuretani, gundi nyeusi inayoshika mbao na chuma na kuvumilia kuvutwavutwa.

Akaleta silikoni. Ya madirisha! Kigoma hii kila kinachotoka kwenye mrija huitwa silikoni, sawa, lakini mimi sikumtuma silikoni. Tena akakaza nati papo hapo kwa nguvu zake zote, silikoni ikakamuliwa yote nje, akaifuta kwa kidole na kujisifu kazi ilivyo safi. Safi! Chini ya chuma hapakubaki kitu cha kuzuia maji.

Akatoka, ndevu zinachuruzika. "Ni tone tu, Roza. Tupake nyingine juu yake."

"Juu yake hakishiki kitu! Silikoni inaacha utelezi kwenye mbao. Fungua yote, kwangua, piga msasa, futa kwa spiriti. Jina nilikutajia, ulilisahau?"

Akatazama ziwa. "Sikulisahau. Duka lilijaa wanaume. Nilipolitaja, muuzaji akauliza, nani kakwambia silikoni haifai? Ningejibu nini?"

Damu ikanipanda kichwani. Abiria wangu wazame ili mume wangu asichekwe dukani kwamba anafundishwa na mke! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti iliyowageuza wapagazi wote wa pale ufukweni, kisha nikaenda kununua gundi mwenyewe.

Niliporudi nilimkuta amepiga magoti, anakwangua. Nikamwambia safari hii akaze nusu tu, aiache gundi ikauke, ndipo amalizie nati kwa chini bila kuizungusha boliti.

Yona, mchuuzi wa dagaa anayejua habari za kila nyumba, akasimama karibu yetu na kutusalimu.

"Mwakeye! Herman, si jana tu ulimaliza? Nani kakufumulisha?"

Nikamtazama mume wangu. Akakwangua, akakwangua tena.

"Mwenye boti," akasema bila kuinua kichwa. "Mke wangu."

Yona akaangua kicheko. Herman akamwambia kama hana kazi ashike msasa. Hasira ilikuwa bado haijaniisha, lakini nikamkabidhi ule mrija wa gundi, apake yeye.