Gari la Clifton Lilivyonikataa

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa kugonga vitu. Gari la marehemu mume wangu Clifton nimeliendesha tangu tukiwa wachumba, na katika mji wetu huu wa Ohio hakuna nguzo ya taa inayoweza kunishtaki. Kwa hiyo siku nilipotia rivasi bandani, nikakanyaga mafuta, na gari likaenda mbele likazoa rafu nzima ya nyanya nilizosindika kwenye chupa, nilibaki nimeshika usukani nikisubiri mtu anieleze. Nyanya zilikuwa zinachuruzika kwenye kioo. Nikautazama mkono wangu, nao ulikuwa umeshusha gia mpaka mwisho kabisa, kwenye rivasi, pale pale ilipokuwa miaka yote.

Gari lilikuwa limerudi wiki hiyo hiyo kutoka kwa mwanangu Dwight. Giaboksi yake ya otomatiki ilikuwa imezeeka. Ilimwaga mafuta mekundu sakafuni kama mtu kachinja kuku, na ukikanyaga, injini inapiga kelele huku gari linajikokota. Clifton alifanya kazi kiwanda cha giaboksi mpaka alipostaafu, na Dwight akaapa kwamba ya baba yake ataifungua kwa mikono yake mwenyewe, abadilishe bamba zilizoungua na mipira iliyokauka, airudishe kama ilivyokuwa. Alikaa nayo msimu mzima wa baridi. Gari liliporudi lilikuwa halidondoshi hata tone. Nililia, kisha nikamwokea pai ya tufaha.

Dwight alipokuja kuona nyanya zilizomwagika hakulia mtu.

"Mama, ulitia D."

"Nilitia rivasi."

"Rivasi haipeleki gari mbele, Mama."

"Hilo nilikuwa nalijua kabla wewe hujazaliwa."

Akaingia, akalirudisha gari nyuma taratibu mpaka barabarani, akaenda mbele, akarudi tena. Hata herufi za gia zilizo nyuma ya usukani hakuzitazama. "Umeona? Zima kabisa," akasema, akaenda kutafuta ufagio.

Alipoondoka nikajaribu peke yangu. Nikaweka D, gia ya kwenda mbele. Injini ikanguruma, gari halikusogea hata inchi. Nikashusha gia hatua moja zaidi, kwenye L, ile ya kupandia milima, nalo likaondoka bila matatizo. Nikajiambia labda ni ugeni wa matengenezo. Jumapili nikaenda nalo kanisani hivyo hivyo. Pale uwanjani nikasimama kuwapisha wanakwaya, nikaweka N kama nifanyavyo kila nikisimama, ili gari litulie. Gari likarudi nyuma, likapanda juu ya mawaridi ya mke wa mchungaji.

Mke wa mchungaji alisema si neno. Watu wakisema si neno kwa sauti ile, ujue limeshakuwa neno.

Sasa wewe niambie, ningewaeleza nini wanangu? Kwamba gari linamtii Dwight na kunikataa mimi? Nilijaribu. Nilimpigia simu binti yangu Roxanne aliyeko Columbus, nikasema, "Kwangu linakwenda kinyume, kwa Dwight linakwenda sawa." Akasema anakuja. Hata mimi nilijisikia nikilisema, na lilikuwa neno la mtu aliyepotewa na akili.

Roxanne akaja. Akafungua friji kutafuta maziwa, akakuta bakuli la sukari.

"Mama, sukari inafanya nini humu?"

Sikujua. Kwa kweli sikujua. Niliitazama ile sukari, na hofu ikanishika kuliko siku ya nyanya. Clifton alikuwa na dada aliyeanza hivyo hivyo, kwa vitu kuhamahama, na mwisho akawa anamuuliza Clifton yeye ni nani.

Jioni ile wakakaa nami mezani, wote wawili, wapole kupita kiasi. Wakasema kuna nyumba ya kutunza wazee huko Columbus, chumba kina dirisha la mashariki, chakula kizuri. Gari lingeuzwa kwa mtu anayependa magari ya zamani, na nyumba ingefuata. Nilikuwa nimejiandaa kugombana nao mpaka asubuhi. Lakini nilimtazama Dwight, fundi, aliyelitengeneza gari na kulijaribu mbele ya macho yangu, nikaona ama gari lina wazimu ama mimi. Nikasema sawa.

Nikaanza kugawa vitu. Sahani zangu za harusi, zile zenye ukingo wa buluu, nilimpelekea jirani yangu Verna.

"Arvilla, kichwa chako kizima kuliko changu," alisema.

"Ungeziona nyanya zangu usingesema hivyo."

Siku ya kumpelekea mnunuzi gari, Roxanne alisema ataliendesha yeye. Hakuwahi kulishika, baba yake hakumruhusu hata kulikalia vibaya. Mimi nikakaa pembeni yake nikiwa na mkoba mapajani. Dwight akasimama nje, kando ya mlango wa banda, amuelekeze dada yake akitoka kinyumenyume. Roxanne akavaa miwani, akazisoma herufi moja moja kwa kidole.

"P, N, D, L, R. Rivasi iko huku mwisho?"

"Ndiko iliko."

Akashusha gia mpaka R, akageuza shingo kutazama nyuma, akakanyaga. Gari likaenda mbele likabamiza ukuta. Rafu, ambayo safari hii haikuwa na kitu, ikaanguka juu ya boneti.

Roxanne akautazama mkono wake kwenye gia. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nilitia rivasi."

Yalikuwa maneno yangu, moja kwa moja. Nilifurahi. Gari la mume wangu limepondeka pua, binti yangu bado kang'ang'ania usukani, nami nilifurahi mpaka nikaona haya.

Dwight akaja mbio. "Roxanne, ulitia D!"

"Hebu soma mwenyewe."

Akainama dirishani, akazisoma. Uso wake ukabadilika. Akakaa chini pale pale, kwenye sakafu ya banda.

"Hii si giaboksi ya Baba," akasema. "Ya Baba ilinishinda. Niliifungua yote, vipuri havipatikani, kuirudisha nikashindwa. Iko kwangu chini ya turubai. Hii nimeitoa kwenye pikapu iliyokwisha. Kwenye za siku hizi rivasi iko jirani na P ya kuegeshea, hatua moja tu, na huku mwisho ni gia ya kwenda mbele. Herufi nimeziacha zile zile za zamani."

"Na wewe ulikuwa unarudije nyuma?" Roxanne akauliza.

"Mkono umezoea magari ya siku hizi. Sikuzitazama herufi."

"Hata mimi sikuzitazama," nikasema. "Wangu nao umezoea, tena kabla ya wako. Kwa nini hukuniambia, Dwight?"

"Nitakuambiaje? Baba alikuwa anaziunda, mimi hata moja nimeshindwa."

Nilitaka kumchapa na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kuchagua, nikashuka garini. Kilichoniuma si giaboksi. Wanangu wawili, mchungaji na mkewe, hakuna aliyewaza kwamba labda gari ndilo lenye kosa. Hata mimi sikuwaza. Mtu akishazeeka, kila kosa huwa lake.

Nilivuka barabara kwa miguu mpaka kwa Verna. Nilimkuta mezani, anakula viazi kwenye sahani yangu ya buluu.

"Nimefuata sahani zangu."

"Kwani huendi tena?"

"Siendi."

Akanitazama, akavuta sahani karibu yake. "Basi keti. Ngoja kwanza nimalize viazi."

Nikaketi nikamngojea. Siku hizi Dwight ameniandikia herufi mpya kwa rangi nyeupe, nami nazisoma kila nikiingia garini, moja moja kwa kidole, kama Roxanne. Ile sukari sijui hadi leo nani aliiweka kwenye friji. Wakati mwingine, nikifungua mlango wa friji usiku kutafuta maziwa, nasimama nikitazama pale ilipokuwa mpaka miguu inapata baridi.